Mwacheni mwanafunzi wa Liboi aulize

Jamani, kuna hoja moja imenichosha, na leo nitaisema hata kama nitakosana na marafiki. Kila nikikaa na watu hapa Nairobi, hasa walimu na sisi waandishi wa programu tunaojiona tumesoma, nasikia wimbo uleule: wanafunzi wa siku hizi wavivu, wakipewa maswali ya Kiingereza wakafanye nyumbani wanayatupa mtandaoni, wanaokota majibu, wanakopi, basi. Mtandao umewaharibu. Dawa yake? Wanyang'anywe simu.

Haya. Twendeni Liboi kwanza, halafu tuzungumze.

Liboi ni mji mdogo wa kaunti ya Garissa. Ukifika Dadaab unaendelea mashariki kama kilomita 80 hivi, na mbele yake kidogo ni mpaka, halafu Dhobley ya Somalia. Wengi waliokimbia vita mwaka 1991 waliingilia hapo. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anasoma sekondari huko. Ananiita abti, yaani mjomba, na kwa desturi yetu Wasomali mimi pia namwita abti. Nyumbani anaongea Kisomali. Duksi alisoma Kiarabu cha Kurani. Kiswahili alikiokota shuleni na kwa madereva wa malori. Kiingereza ni lugha yake ya nne, ndugu msomaji, na ndiyo atakayofanyia mtihani wa fizikia, wa jiografia, wa karibu kila kitu.

Na mwalimu wa Kiingereza? Tukumbushane. Novemba 2014 basi lilitekwa Mandera, watu 28 wakauawa, walimu wakiwemo. Aprili 2015 wakauawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, na baada ya hapo TSC ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Simlaumu mwalimu aliyefunga virago. Hata mimi ningeondoka. Lakini madarasa hayakuondoka, na watoto hawakuondoka. Kwa mpwa wangu Kiingereza kinafundishwa na mtu mmoja, madarasa yote, na mtu huyo anafundisha na somo jingine.

Sasa mwambie mtoto huyo asiulize mtandaoni. Amuulize nani? Mbuzi?

Kwa hiyo mimi niko upande wa wanaouliza, na sitabadilika. Ugomvi wangu ni na wanaojibu. Yaani sisi.

Nitawapa mfano mmoja mdogo. Mpwa wangu alipewa zoezi la kujaza mapengo, lile la vihusishi, aina ileile inayokuja kwenye sehemu ya sarufi ya karatasi ya pili ya KCSE. Sentensi moja ilisema Halima ameolewa na Ali kwa miaka miwili, ujaze neno baada ya "married". Akatafuta mtandaoni, akapata "to", akaandika "to", akawekewa alama ya vema. Wiki tatu baadaye, kwenye insha, akaandika kwamba dada yake ni "married by" fulani. Mstari mwekundu. Akaniandikia kwa WhatsApp: abti, nimekosea wapi?

Alikosea mahali ambapo kila mtu anayefikiri kwa Kiswahili hukosea. Sisi tunasema ameolewa na Ali, na hiyo "na" yetu ni ya kazi mbili: amekwenda na Ali, amepigwa na Ali. Ukiitafsiri kwa pupa inatoka "by". Tena kwa mtoto huyu kuna tabaka la pili, maana Kisomali kina vineno vinne tu, u, ku, ka na la, vinavyokaa mbele ya kitenzi na kubeba mzigo ambao Kiingereza kimeugawia makumi ya vihusishi. Kwa hiyo si uvivu! Huyu mtoto anahama nyumba yenye milango minne kwenda kwenye jumba la milango hamsini, na hakuna aliyempa ramani. Tovuti iliyompa "to" haikuwa na habari kwamba kuna lugha iitwayo Kisomali. Iliandikwa kwa ajili ya mtoto wa Ohio.

Halafu, kwa vile kazi yangu ni programu, nikaupima ule ukurasa. Megabaiti tatu na ushee. Matangazo, video inayojicheza yenyewe, vijiprogramu vya kumfuatilia mtu anakokwenda, picha ya kijana anayetabasamu na mkoba mgongoni. Megabaiti tatu kubeba herufi mbili! Na data hiyo anailipia yeye, mahali ambapo mawasiliano yenyewe ni ya kubahatisha. Minara ya simu katika kaunti hiyo imeshambuliwa mara kadhaa, na watu wa mpakani wamezoea kutembea na laini mbili, ya Kenya na ya Somalia, wakitegea ipi itashika. Nyingine katika tovuti hizi zinaonyesha swali vizuri, halafu jibu limefifishwa kama kioo chenye ukungu mpaka ulipe kwa kadi ya benki. Mtoto wa Liboi atoe wapi kadi ya benki?

Na wenzangu wa Nairobi wanaopiga kelele za udanganyifu, tuulizane kidogo. Hivi hatujui jinsi vijana wengi wa mji huu wenye digrii walivyoishi miaka yote hii? Kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao. Imetengenezwa hata filamu, The Shadow Scholars, ya mwaka 2024, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Oxford anawafuata waandishi hao wa Kenya. Nimekaa meza moja na watu waliojenga nyumba kwa biashara hiyo, na haohao ndio wananiambia mtoto wa kidato cha tatu anayetafuta kihusishi ni mwizi. Loh!

Najua mtakachosema: hayo ya tovuti za majibu yamepitwa na wakati, sasa kuna akili unde. Kweli. ChatGPT ilitoka Novemba 2022, na tarehe 2 Mei 2023 hisa za Chegg, mfalme wa majibu ya Marekani, zilianguka karibu nusu kwa siku moja baada ya kampuni kukiri kwamba wateja wapya wanakimbilia huko. Sikulia. Na nikiri, mashine ile ukiiuliza vizuri inaeleza kihusishi kuliko baadhi ya walimu walionifundisha mimi. Lakini lazima uiulize vizuri, na anayejua kuuliza vizuri ameshafika nusu ya njia. Ukiiomba insha inakupa insha nzima, hata haikuulizi ya nini. Julai 2025 OpenAI waliweka hali ya kusomea, ambayo inamuuliza mwanafunzi badala ya kummwagia jibu. Vizuri sana. Ila ni swichi ambayo mtoto anatakiwa aiwashe mwenyewe, saa nne usiku, betri asilimia sita, maswali kumi ya kesho asubuhi.

Tusijifanye pia kwamba hakuna aliyewahi kufikiria njia nyingine. Kampuni ya Kenya, Eneza Education, ilikuwa na Shupavu 291 pamoja na Safaricom. Unabonyeza *291# kwenye simu yoyote, hata ya mulika mwizi, shilingi 3 kwa siku, na ungeweza kumwandikia mwalimu swali lako akakujibu kwa ujumbe mfupi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, hiyo ilikuwa na maana kubwa kuliko mihadhara yote ya video tuliyokuwa tukishangilia huku mjini. Ujumbe mfupi ni herufi 160. Hauna nafasi ya tangazo.

Sasa niungame, maana nisipoungama nitakuwa mnafiki kama wale wa insha. Mwaka 2021 niliandika kiprogramu changu mwenyewe. Laini moja ya simu, kompyuta kuukuu mezani kwangu Eastleigh, mitihani ya zamani nimeipanga ndani. Mwanafunzi anatuma namba ya swali, anapata jibu. Mpwa wangu akawaambia wenzake, wenzake wakawaambia wenzao, na ndani ya mwezi nikawa shujaa. Nilijisifu sana, hata nilimwonyesha mke wangu idadi ya ujumbe kila jioni. Mpaka nikaanza kusoma wanachotuma. "Jibu 7." "Jibu 8." "Jibu 9." Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini. Sikuwa nimejenga mwalimu. Nilikuwa nimejenga duka, tena la mkopo usiolipwa.

Nikakibadilisha. Ukituma swali sasa hakikupi jibu, kinakurudishia swali dogo zaidi, na vingi vya vijiswali hivyo nimeviandika kwa mkono, usiku, nikiwaza Kisomali na Kiswahili kwa pamoja. Wengi walikimbia wiki ya kwanza. Waliobaki unaweza kuwahesabu kwa vidole. Kama ningekuwa nimechukua fedha za wawekezaji ningekuwa nimefukuzwa, na hapo ndipo mjue kwa nini makampuni yanauza majibu: majibu yanarudisha wateja kesho, kuelewa hakurudishi.

Ule mkasa wa "married by" niliuingiza humo. Kijiswali kilisema: ukiandika kwamba Halima alikuwa "married by Ali", Ali alifanya kazi gani siku hiyo?

Mpwa wangu alikaa kimya siku mbili. Nikadhani naye amekimbia. Kumbe mtandao ulikuwa umekatika, na uliporudi ujumbe wake uliingia saa kumi na moja alfajiri, nikiwa natia udhu:

"Abti! Ali ndiye sheikh aliyewafungisha nikaha. Sasa bwana harusi ni nani?"