Miaka Mingapi, au Miaka Gani?

Wenzangu, kwenye mitihani tumezoea kuandika kwamba mkabala wa makuzi unaushinda ule wa kitabia. Nakubali nusu.

Mdogo wangu ana miaka 14, yuko darasa la nne hapa Dzaleka. Tulipokimbia Kongo alipoteza miaka ya shule, kisha akakuta masomo ya Chichewa na Kiingereza. Darasani hanyooshi mkono. Mfuasi wa Skinner atasema: mpe zawadi kila anapojibu. Atajibu, ndiyo, ila hatutajua nini kilimnyamazisha. Mfuasi wa Piaget naye hufungua jedwali: miaka 14, hawezi mambo dhahania, basi amechelewa. Amechelewa! Jumamosi huyohuyo anauza nyanya sokoni, anapiga hesabu ya faida ya kreti nzima kichwani, anabishana na wateja kwa lugha tatu. Piaget aliwachunguza kwa karibu wanawe watatu, kule Uswisi. Hawakuwa na kreti za nyanya.

Mkabala wa makuzi una swali zuri kuliko yote: miaka imemfanyia nini mtoto? Sisi tumeligeuza kuwa: ana miaka mingapi?

Erikson, aliyeihama Ulaya mwaka 1933, alijua kwamba jamii humjibu kijana anapojiuliza yeye ni nani. Mwaka 2023 serikali iliwarudisha kambini kwa nguvu hata wakimbizi wenye maduka Lilongwe. Kaka yetu, miaka 27, bado anasubiri kibali cha kuanza utu uzima. Hatua hiyo haimo katika jedwali tunalokaririshwa.