Roho Nayo Inahitaji Mazoezi



Siku hizi ukipita alfajiri kwenye barabara kubwa za miji yetu, utawakuta watu wako mbioni. Wanakimbia kwa vikundi, fulana za rangi moja, wanaimba, na anayebaki nyuma husubiriwa. Wengi wao ni Wakristo wenzetu. Siwalaumu hata kidogo. Paulo alipomwandikia Timotheo hakuyakataa mazoezi ya mwili. Alisema tu faida yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya utauwa. Linaloniuma ni kwamba sisi hao hao tukiitwa kwenye sala ya alfajiri, tunasema usingizi haujatutosha.

Mkitaka kuona tofauti ya nguvu za mwili na nguvu za roho, kumbukeni Uganda ya mwaka 1977. Rais Idi Amin alikuwa mtu wa miraba minne, aliyewahi kuwa bingwa wa ndondi wa nchi yake, na jeshi zima lilikuwa mkononi mwake. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, hakuwa na askari hata mmoja. Mwezi Februari yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji ya raia. Tarehe 16 Luwum alikamatwa, akauawa. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari, na watu hawakuamini. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa Uganda, na anayekumbukwa ni Luwum. Yule bondia alifia uhamishoni Saudia mwaka 2003.

Ujasiri ule Luwum hakuupata siku ya kuitia sahihi barua ile. Aliokoka mwaka 1948, kijana mwalimu wa shule, katika ule Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya, hadi Bukoba. Waliouona wanajua ulivyokuwa. Watu waliketi pamoja wiki baada ya wiki, wakatubu mbele ya wenzao, tena kwa kutaja kosa lenyewe. Aliyeiba alirudisha. Mwenye deni alikwenda kulipa. Waliokuwa hawasalimiani walishikana mikono. Kuanzia 1948 hadi 1977 ni miaka 29 ya kuizoeza roho kusema kweli katika mambo madogo, na lilipokuja jambo kubwa, ulimi ulikuwa umekwisha kuzoea.

Basi nawaomba, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana, Wapentekoste, Waadventista, sote: tuanze. Kila jumuiya na kila kikundi cha sala mtaani kichague nyumba moja, saa kumi na moja alfajiri, nusu saa tu, kabla ya watu kukimbilia kazini. Someni Injili ya Marko, sura moja kwa siku. Zipo 16, kwa hiyo katika wiki mbili na siku mbili mtakuwa mmeimaliza, hata yule asiyejua kusoma akiwa ameisikia yote. Siku moja ya juma fungeni pamoja, na fedha ya chakula mlichokiacha mpelekeeni mjane au mgonjwa aliye karibu nanyi.

Zoezi lililo zito kuliko yote ni kupatana. Tunakesha usiku kucha tukikemea mapepo, halafu asubuhi tunapishana na ndugu wa tumbo moja bila salamu kwa sababu ya kiwanja cha marehemu baba. Roho ya namna hiyo ni dhaifu, hata sauti yake ikisikika mtaa wa tatu. Kila mmoja wetu anamjua mtu wake. Tumwendee, na anayeogopa kwenda peke yake asindikizwe.

Na akikosekana mwenzenu siku mbili, mtu apite kwake kumgongea mlango. Wakimbiaji husubiriana, sisi tushindwe?

Jumamosi au Jumapili hii, kabla hamjatawanyika baada ya ibada, kubalianeni mtaanzia nyumba ya nani.