Kazini Bila Kutoka Nyumbani

Ushauri anaopewa mtu anayefanyia kazi nyumbani haubadiliki sana: atenge chumba cha kazi, avae kama anayekwenda ofisini, azime simu jioni. Una hekima yake. Tatizo ni kwamba umetungwa kwa ajili ya nyumba yenye chumba cha ziada, na kwa mtu mwenye uwezo wa kuamua siku yake ya kazi inaisha saa ngapi. Wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam au Mwanza hawana vyote viwili, na linaloumiza akili zaidi ni hilo la pili.

Nyumba yenyewe ina mambo yake. Mhasibu anayefungua kompyuta juu ya meza ya chakula huko Tabata yumo miongoni mwa watu ambao, kwa mazoea ya miaka mingi, humhesabu aliyeko nyumbani kuwa amepumzika. Jirani anapiga hodi. Mtoto anadai uji. Shangazi aliyekuja mjini kutibiwa anahitaji wa kumsindikiza hospitalini. Kwa mwanamke mzigo huwa mzito zaidi, kwani sufuria iliyoko jikoni haitambui kikao cha saa nne. Hakuna mwenye kosa hapo, na makubaliano ya wazi juu ya saa za utulivu husaidia kuliko hasira za kila siku.

Kuna pia kilichopotea bila kuombolezwa. Hakuna anayesifu foleni ya daladala, na hakuna sababu ya kuanza kuisifu leo. Lakini safari ile ilikuwa na manufaa yake: miguu ilitembea hadi kituoni, macho yakapata mwanga wa asubuhi unaoiongoza saa ya ndani ya mwili katika kupanga usingizi, na fikra zikapata muda wa kuhama kutoka madaraka ya ofisini hadi malezi ya nyumbani. Anayetoka kitandani hadi mezani kwa hatua sita hukosa hayo yote. Matembezi ya nusu saa kabla ya kufungua kompyuta, na mengine baada ya kuifunga, hurudisha sehemu ya kilichopotea.

Hata hivyo, matembezi ya jioni hayamtulizi mtu anayejua kwamba ujumbe wa mkuu wake utaingia saa tatu usiku na kusubiriwa majibu. Shirika la Afya Duniani linaueleza uchovu mkuu wa kazi kuwa ni matokeo ya msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa: nguvu humwishia mtu, kazi humchukiza, na ufanisi wake hushuka. Mwaka 2021 shirika hilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilikadiria kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huambatana na ongezeko la asilimia 35 la hatari ya kiharusi, ikilinganishwa na saa 35 hadi 40. Takwimu hizo hazikuwahusu wa nyumbani peke yao, lakini wa nyumbani ndiye asiye na mlinzi wa kufunga geti na kumwambia aondoke.

Hapa ndipo mwajiri anapohusika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku kwa wafanyakazi wasio wa uongozi, na saa haiachi kuwa saa kwa sababu imetumika sebuleni. Ufaransa imeitambua haki ya kujitenga na mawasiliano ya kazi tangu Januari 2017, na Ureno ilifuata mwaka 2021. Nchini Kenya muswada wa aina hiyo ulifikishwa Seneti, nalo Shirikisho la Waajiri likaupinga.

Waajiri wana hoja ya kusikilizwa: mzazi aliyempeleka mtoto kliniki asubuhi huenda akapenda kufidia saa hizo usiku. Na apende. Anayechagua mwenyewe kuandika ripoti usiku hajaonewa. Anayeonewa ni yule anayelazimika kuijibu usiku huohuo. Mkuu wa kitengo anaweza kuupanga ujumbe wake uende saa mbili asubuhi, na jambo hilo halihitaji bajeti.

Zipo hali ambazo ratiba nzuri haiziponyi. Uchovu wa kawaida mara nyingi hupungua kwa mapumziko. Sonona humfuata mtu hata Jumapili. Huzuni au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakipendeza, vikidumu majuma mawili pamoja na usingizi kuvurugika, vinatosha kumpeleka mtu kwa daktari, na wazo la kujiua halingojei hata siku moja. Sheria iliyotajwa inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza zikiwa na mshahara kamili. Cheti cha daktari cha sonona kina uzito uleule wa cheti cha malaria au cha mfupa uliovunjika, na aliyepewa cheti hicho hapaswi kuombwa “aangalie kidogo tu” waraka mmoja kwa kuwa kompyuta iko jirani na kitanda.