Burgess alinyimwa muda, si kipaji

Kuanguka kwa Sam Burgess katika Kombe la Dunia la raga mwaka 2015 kulitokana zaidi na haraka ya waliomtumia kuliko udhaifu wake.

Oktoba 2014 nyota huyo aliisaidia South Sydney kutwaa ubingwa wa Australia katika raga ya wachezaji 13, akicheza fainali huku mfupa wa shavu ukiwa umevunjika. Kisha akajiunga na Bath ya Uingereza, katika raga ya wachezaji 15.

Tofauti si idadi pekee. Katika raga ya 13, timu hubaki na mpira hadi mchezaji wake aangushwe mara ya 6. Katika raga ya 15, mpira hugombewa papo hapo.

Bath iliishia kumtumia safu ya mbele, lakini kocha wa England, Stuart Lancaster, akampanga senta. England, iliyokuwa mwenyeji, ilitolewa hatua ya makundi. Novemba 2015 Burgess akarejea South Sydney.

Jason Robinson, aliyetoka Wigan mwaka 2000, alichezeshwa pembeni alikozoea. Alifunga trai katika fainali ya mwaka 2003, England ikitwaa Kombe la Dunia.

Anayesajili kutoka raga ya 13 hana budi kuamua kwanza nafasi ya mchezaji, ndipo atazame kalenda ya mashindano.