Meno ya Maskini: Huruma Peke Yake Haitoshi



Tarehe 9 Februari ni kumbukumbu ya Mtakatifu Apolonia, mwanamke wa Aleksandria huko Misri. Katika madhulumu ya mwaka 249 alipigwa hata meno yake yakavunjika, kisha akafa shahidi, na ndiyo sababu Wakristo tangu kale humwomba awaombee wenye kuumwa meno. Mtakatifu huyu ni wa bara letu. Hata hivyo, ni mara chache maumivu ya meno hutajwa katika parokia zetu kuwa jambo la haki. Hutajwa kama mkosi wa mtu binafsi, au hata kama mzaha.

Lakini si mzaha. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu wapatao bilioni 3.5, yaani karibu nusu ya wanadamu wote, wana maradhi ya kinywa. Mtu wa mjini mwenye fedha akiumwa jino huenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Mkulima wa kijiji cha mbali husukutua kwa maji ya chumvi, hununua vidonge dukani, hukesha, na mwisho humwendea fundi asiye na ganzi wala vyombo safi. Usaha wa jino bovu huweza kushuka shingoni, ukaziba njia ya pumzi na kuua. Kuuawa na jino katika zama hizi ni fedheha kwetu sote.

Ndiyo maana twawashukuru madaktari wa meno wa kujitolea watokao Ulaya na Marekani, ambao kwa miaka mingi wamekuja nchini mwetu na katika nchi nyingine maskini kuendesha kliniki za mkoba. Wengi hutumia likizo yao na hujilipia nauli. Darasa la shule hugeuzwa chumba cha tiba, viti vya kukunjwa hupangwa, na foleni huanza kabla ya mapambazuko. Mtu aliyekosa usingizi kwa miezi hulala usiku ule kwa amani. Asiyeona neema katika jambo hilo hajapata kuumwa jino.

Lakini baada ya siku chache magari huondoka. Hapo ndipo Tume ya Haki na Amani inapaswa kuuliza: kimebaki nini? Jino lililong'olewa likitoka damu usiku wa pili, nani ataitwa? Mtoto ambaye jino lake lilianza kutoboka mwezi uliofuata atangoje mwaka mwingine? Na yule tabibu wa zahanati, ambaye alichota maji na kutafsiri lugha wiki nzima, je, amejifunza lolote, au ameonyeshwa tu mbele ya watu wake kwamba yeye hawezi?

Mafundisho ya Kanisa hayatuachi gizani. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati juu ya Utume wa Walei ya mwaka 1965, namba ya 8, unafundisha kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, ili kile ambacho mtu anastahili kwa haki asipewe kana kwamba ni zawadi ya upendo. Unafundisha pia kwamba tuondoe asili ya mabaya na si matokeo yake tu, na kwamba msaada upangwe kwa namna ya kuwawezesha wanaosaidiwa kujitegemea hatua kwa hatua. Kwa kipimo hiki kila kliniki ya mkoba yaweza kupimwa.

Wapo wasemao kwamba mgeni anayetoa bure hawekewi masharti. Wahenga wetu walinena vingine: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kupona kwa mwenyeji si kutolewa jino tu. Ni kubaki na uwezo asiokuwa nao kabla mgeni hajabisha hodi.

Wala hatusemi ndoto. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianza kujaribiwa njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono pekee, bila umeme wala mashine. Sehemu iliyooza hukwanguliwa, na shimo huzibwa kwa saruji maalumu itoayo floraidi. Njia hiyo ilienea hata Shirika la Afya Duniani likaipigia mbiu katika Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994. Mwaka 2021 shirika hilo liliiweka saruji ya namna hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Vilevile, katika miaka ya 2000 shirika la Kiingereza liitwalo Bridge2Aid lilianza huko Mwanza kazi ya namna nyingine: madaktari wa kujitolea waliwafundisha matabibu wa vijijini kutia ganzi na kung'oa jino kwa usalama. Mgeni aliyeng'oa meno mia moja ameponya watu mia moja. Aliyemfundisha tabibu mmoja ameacha mponyaji kijijini.

Tena yapo mambo ambayo koleo halitayamaliza kamwe. Kandokando ya Mlima Meru na mahali pengi pa Bonde la Ufa, maji ya kunywa yana floraidi kupita kiasi. Kidogo chake hulinda meno. Kikizidi sana huyatia rangi ya kahawia tangu utotoni, na hata kupinda mifupa. Kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Huko Ngurdoto wataalamu wetu wameshughulikia njia ya kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Dawa ya watoto hao ni maji safi, na maji safi ni wajibu wa wenye mamlaka, si hisani ya mgeni.

Na lipo jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Tangu miaka ya 1980 imeenea imani ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga akipata homa au kuhara, huambiwa kwamba ndani ya ufizi wake mna meno mabaya, na fundi huyachimbua kwa chombo kisichochemshwa. Kinachochimbuliwa ni chipukizi la jino halali aliloumbiwa na Mungu. Watoto wamevuja damu, wameambukizwa, wamekufa, huku malaria au kuhara kulikowaletea homa kukiachwa bila tiba. Hakuna daktari wa ng'ambo atakayeivunja imani hii. Itavunjwa na katekista, na mama wa jumuiya, na bibi anayesikilizwa nyumbani.

Kwa hiyo twazishauri parokia zinazopokea wageni wa namna hii zifanye yafuatayo:

1. Mganga Mkuu wa Wilaya ahusishwe tangu barua ya kwanza, na kila daktari mgeni awe ameandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kutibu kwao bila msimamizi asiruhusiwe kwetu. Kinywa cha maskini si daftari la mazoezi.

2. Kila kikosi kiwe na tabibu wa mahali hapo anayefundishwa, na vyombo vya kazi viachwe mikononi mwake.

3. Mgonjwa aelezwe kwa lugha yake kitakachofanyika, aridhie, na aambiwe aende wapi akipata shida baadaye. Asipigwe picha bila idhini yake, wala asiulizwe dini yake kabla ya kutibiwa.

4. Halmashauri ya Walei ifuatilie katika mikutano ya kijiji na kwa diwani: je, zahanati yetu ina ganzi? Ina mtu aliyefundishwa? Maji yetu yamepimwa?

Msamaria Mwema hakufunga majeraha tu akaenda zake. Alimpeleka majeruhi nyumba ya wageni, akaacha fedha, akaahidi kurudi. Tuwaombe wageni wetu huruma ya namna hiyo, inayopanga kesho ya mgonjwa. Nasi tusisahau kwamba mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyebaki na mgonjwa. Mwenye nyumba hiyo ni sisi.

Maswali kwa Jumuiya Ndogo Ndogo: Mtu akiumwa jino usiku huu kigangoni petu, ataenda wapi? Nani kati yetu atazungumza na kina mama juu ya "meno ya plastiki", na lini?