Vijana Wetu na Migodi: Swali Lachaguliwa na Nani?

Kuna maneno yanayosemwa barazani hapa Tanga kwamba kijana anayekwenda Ulaya kusomea shahada ya pili ya uhandisi wa migodi anakwenda kujitafutia ubwana. Wengine husema Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kipo, basi gharama hizi za nini? Ndugu zetu, maneno hayo hatuyakubali, na sababu zetu twazisema wazi.

Watu wa Tanga hatuna haja ya kuhadithiwa jinsi elimu inavyotawala. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, alileta mkonge kutoka Florida. Miche iliyopona ilikuwa 62 tu. Katika miche hiyo yakazaliwa mashamba ya Muheza na Korogwe, na wazee wetu pamoja na manamba walioletwa kutoka mbali wakayalima kwa migongo yao. Hindorf hakuwa na nguvu kuwashinda. Aliujua mmea. Na almasi ya Mwadui ilipatikana mwaka 1940 na John Williamson, Mkanada aliyesomea jiolojia hadi udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill. Wenyeji walikuwa wakiikanyaga ardhi ile miaka yote.

Tazameni sasa kwetu. Bonde la mto Umba hutoa yakuti za rangi nyingi, na jina la Umba limo katika vitabu vya vito duniani. Lakini mchimbaji huliuza jiwe likiwa ghafi, amelikadiria kwa jua na kiganja, na anayelijua ni yule anayelinunua. Nani basi mwenye mali?

Mwaka 2017 yalizuiwa makontena 277 ya makinikia, nayo kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma, mwanajiolojia wetu, ikayapima. Kampuni ilizikataa hesabu zake, na mabishano yakawa makali. Lakini hatukumwomba mgeni atufungulie kontena, na mapatano yaliyofuata yakaipa nchi asilimia 16 katika migodi ile.

Kwa hiyo waende! Waende Freiberg, chuo cha migodi kilichoanzishwa mwaka 1765. Waende Liège, Nancy na Luleå, vyuo vilivyoungana na Freiberg kufundisha shahada moja. Mjerumani alikuja Tanga bila kualikwa. Sisi tutakwenda kwake tukiwa na barua.

Ugomvi wetu uko kwingine. Shahada hii humalizika kwa tasnifu, miezi ya kupima na kusaga mawe. Mawe ya wapi? Mara nyingi anayelipa ndiye anayetoa swali. Basi kijana wa Kilindi hukaa nusu mwaka akitafuta njia ya kuongeza shaba katika mgodi wa watu, kisha hurudi, kama atarudi, akiyajua mawe yao kuliko ya kwao. Hatumlaumu, shida ya mwanafunzi ugenini si siri. Twajilaumu sisi tunaomsindikiza kwa pilau na hotuba, tusimpe hata mfuko mmoja wa mawe.

Twaitaka Wizara ya Madini ikae na kila kijana inayemsaidia kabla hajapanda ndege, impe swali la nyumbani, na impe kibali cha sampuli bila kumzungusha ofisi kwa ofisi. Maswali hayakosekani. Mchimbaji mdogo wa Kilindi atakamataje dhahabu yake bila kushika zebaki kwa mikono? Jiwe la Umba litapangwaje madaraja hapa hapa kabla halijavuka mpaka? Na anayesomeshwa kwa fedha ya umma afungwe kwa mkataba wa kuandika muhtasari wa kazi yake kwa Kiswahili. (Msituambie maneno hayapo, waulizeni wachenjuaji.) Nakala moja iwekwe ofisi ya wilaya Korogwe na nyingine Kilindi, mahali ambapo mchimbaji anaweza kuingia na viatu vyake vya vumbi akaomba kusomewa.