Kiangazi, Moto na Maji: Tusimkimbie Mwenye Kifafa



Kiangazi kimeshika. Kuanzia milima ya Mbozi hadi bonde la Momba, kazi nyingi sasa ziko nje ya nyumba: kuchoma matofali, kusafisha mashamba, kuvua samaki Ziwa Rukwa, kufuata maji mbali kwa kuwa visima vya karibu vimekauka. Hapa Tunduma biashara haisimami, usiku na mchana. Kwa aliye mzima huu ni msimu wa kutafuta riziki. Kwa ndugu yetu mwenye kifafa ni msimu wa hatari mbili: moto na maji.

Hatari hizo si ngeni. Injili ya Mathayo, sura ya 17, ina habari za baba aliyemwombea mwanawe mwenye kifafa, na hatari anazozitaja baba yule ni hizo hizo mbili. Hapa nchini, Dk. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Wilaya ya Ulanga, yapata mwaka 1960. Wagonjwa 164 wa kliniki hiyo walifuatiliwa kwa miaka 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 1992. Miongoni mwa sababu za vifo vyao zilikuwamo kuzama majini, kuungua moto, na kifafa kilichokataa kukoma.

Sasa twauliza: mtu akianguka motoni mbele ya watu, kwa nini aungue? Jibu tunalijua, ingawa linatuaibisha. Wengi wetu tuliambiwa tangu utoto kwamba ukiguswa na povu la mwenye kifafa, nawe utaanguka. Hivyo watu husimama kando wakingoja atulie, na moto haungoji.

Twasema wazi: kifafa si ugonjwa wa kuambukiza. Ni ugonjwa wa ubongo. Chanzo chake chaweza kuwa jeraha la kichwa, shida wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo au malaria kali. Katika maeneo ya wafugaji wa nguruwe kama Mbozi, chaweza pia kuwa mayai ya tegu wa nguruwe, yanayoingia mwilini kwa chakula au mikono yenye uchafu wa choo, kisha viluwiluwi vyake vikakaa ubongoni. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachopita kwa povu.

Wako wanaosema, basi mgonjwa afungiwe ndani mpaka mvua zirudi. Hatukubaliani nao. Mtu huyo ana haki ya kufanya kazi, kusoma na kusali pamoja na wenzake. La kuondoa ni hatari, wala si mtu. Jiko la mafiga liinuliwe au lizungushiwe ukingo wa matofali, na asipike peke yake. Chungu cha moto kisibebwe naye. Chakula kipakuliwe pale pale kilipo. Aoge kwa ndoo na kata, si mtoni. Aendapo kuchota maji awe na mwenzake. Asiingie katika mtumbwi peke yake, asipande miti, asilinde tanuri la matofali usiku, wala asiendeshe pikipiki.

Lakini kinga ya kwanza ni dawa. Shirika la Afya Duniani lasema kuwa watu hadi 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka, kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni, ambayo imetumika tangu mwaka 1912, ni ya bei nafuu. Tatizo ni kwamba kiangazi huvunja utaratibu. Mfanyabiashara huvuka kwenda Nakonde kwa siku mbili akakaa sita. Mvuvi huhamia kambini na kuacha vidonge nyumbani. Kuacha dawa ghafla kwaweza kuleta kifafa kisichokoma. Asafiriye achukue dawa za siku zote na za akiba, pamoja na kadi yake ya kliniki. Dawa zisiachwe juani wala ndani ya gari lenye joto. Alale vya kutosha, anywe maji ya kutosha, na pombe aiache. Nao wanaosimamia zahanati zetu twawasihi waagize dawa hizi kabla hazijakwisha, maana mgonjwa aliyetembea nusu siku akakuta kabati tupu, aghalabu harudi tena.

Je, akianguka mbele yako ufanye nini? Mwondoe haraka penye moto au maji. Akiwa majini, shikilia kichwa chake juu ya maji, kisha mtoe, na apelekwe hospitali hata akionekana mzima. Akiwa nchi kavu, weka kitu laini chini ya kichwa na ulegeze nguo shingoni. Usimkandamize, wala usimtie kijiko, kidole au dawa yoyote mdomoni. Kutikisika kukipungua, mlaze ubavu ili mate yatoke. Tazama saa: zikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, au akiwa mjamzito, au ameumia, au ndiyo mara yake ya kwanza, mkimbizeni kituo cha afya kilicho karibu. Baadaye kaa naye mpaka akili zitulie, na umsitiri kwa kanga au shati lako.

Jumuiya ndogo ndogo zetu zinajua ni nyumba gani ina mwenye kifafa. Basi wiki hii iende jumuiya, ikalitazame jiko, iulize kama vidonge vipo, na kukubaliana ni nani atakwenda naye kisimani. Povu halijamuua jirani yeyote. Woga wetu ndio unaoua.